Fundi aliyesahau chakula: Kuzama kazini ni dawa, lakini dawa ina kipimo

SIKU moja kabla ya adhana ya adhuhuri, mwanagenzi wa fundi mmoja wa milango aliingia mbio katika zahanati yangu hapa Langoni, kisiwani Lamu, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi. "Daktari, twende upesi, fundi ameanguka!" Katika vichochoro vyetu gari halipiti, kwa hivyo nilichukua mkoba wangu tukatoka mbio kwa miguu.

Tulimkuta mzee amelala chali kando ya ubao aliokuwa akiuchonga. Jasho lilikuwa likimtiririka, macho yamefumbuka lakini hamtambui mtu, na mkono wake bado umeikamata patasi. Majirani walikuwa wamekwisha kusema ni shetani. Wengine walisema ni kiharusi. Nilimchoma kidole nikapima sukari ya damu, nikapata 2.1. Mtu akiwa na afya yake, kipimo hicho kwa kawaida hakishuki chini ya 4. Nilimtia maji ya sukari kwenye mshipa, na haikupita dakika kumi alikuwa ameketi akiuliza ni nani aliyechukua patasi yake.

Mzee huyu, ambaye nimebadilisha baadhi ya mambo yake ili asitambulikane, ana ugonjwa wa kisukari na hudungwa insulini asubuhi na jioni. Siku hiyo alijidunga sindano yake alfajiri kama kawaida, akanywa kahawa na kipande cha mkate, akakusudia kula vizuri saa nne. Kisha akaketi kuchonga. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Alichokijua yeye ni kwamba ua la mlango lilikuwa likitoka vizuri. "Wallahi daktari," aliniambia, "nilidhani nimekaa nusu saa."

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipofanya kosa. Nilimwambia, "Mzee wangu, umri umekwenda. Weka vyombo chini, waachie vijana." Watu wa nyumbani kwake walinishukuru sana. Miezi miwili baadaye mkewe alimleta. Alikuwa amekonda, usingizi umempotea, na sukari imepanda kupita siku zote nilizomjua. Alikuwa akishinda barazani akitazama ukuta, na hata darsa za msikitini alizokuwa hazikosi ameziacha. Nami nikaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Nilimwambia, "Jipe moyo mzee, fikiria mambo mema."

Aliniangalia kwa muda, akajibu kwa upole: "Mwanangu, huo moyo unaoniambia nijipe, ulikuwa kule karakanani."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye vitabu. Leo ningependa tuzungumzie mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ile hali ya mtu kuzama katika kazi mpaka akajisahau, na ile nasaha ya kila siku ya kwamba ukifikiri vizuri utapona. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Yote mawili, yakitumiwa vibaya, yanaweza kumuumiza mtu.

Kuzama ni nini?

Kila mmoja wetu amewahi kuonja hali hii. Mwanamke anayetarizi kofia kwa mkono huinua kichwa akakuta jua limekwisha tua. Nahodha katika mashindano ya mashua huwa hana habari ya deni wala ya mkwe, bali upepo, tanga na usukani tu. Wacheza bao wawili, mbele ya mashimo 32 na kete 64, hawasikii hata wakiitwa chakula. Sisi husema, "Fulani amezama."

Mtu aliyeifanya hali hii kuwa somo la kisayansi ni Mihaly Csikszentmihalyi, mtaalamu wa saikolojia mwenye asili ya Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2021. Utotoni aliishi katika Vita Vikuu vya Pili, akaona jinsi watu wazima waliopoteza kazi na mali walivyobaki kama maganda matupu, huku wachache wakisimama imara. Alijiuliza hao wachache walikuwa na nini. Baadaye, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, aliwahoji wapanda majabali, wacheza sataranji, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji. Kazi zao hazifanani, lakini walieleza hali moja. Wengi waliifananisha na kuchukuliwa na mkondo wa maji, naye akaipa jina la mtiririko. Kitabu chake kinachojulikana zaidi juu ya hali hiyo kilitoka mwaka 1990.

Aligundua kwamba mtu huingia katika hali hiyo kwa masharti matatu. La kwanza ni lengo lililo wazi. Mchongaji anajua ua gani linatakiwa litoke katika mbao. La pili ni jibu la papo hapo. Kila pigo la tindo humwonyesha kama amepatia au amekosea, hangoji kuambiwa na mkubwa wake mwisho wa mwezi. La tatu, na ndilo kubwa, ni kazi kulingana na ujuzi. Kazi ikiwa nyepesi mno, mtu huchoka moyo na kupiga miayo. Ikizidi uwezo wake, huingiwa na wasiwasi. Katikati ya hizo mbili ndipo mahali pa kuzama.

Yeye na wenzake walibuni njia rahisi ya kupima mambo haya. Waliwapa watu vifaa vidogo vilivyolia wakati wowote wa mchana, na kila kilipolia mtu aliandika anafanya nini na anajisikiaje. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1989 yanashangaza kidogo. Watu walikuwa wakizama mara nyingi zaidi kazini kuliko wakati wa mapumziko, ilhali wakiwa kazini walitamani wawe kwingine! Sisi tunaodhani kwamba raha ni kukaa kitako tu, yatupasa tufikiri upya.

Ndani ya ubongo

Sasa, ni nini kinachotendeka kichwani? Ubongo wa mtu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu zake. Hata ukikaa bila kazi, haupumziki. Mwaka 2001 mtaalamu wa Marekani, Marcus Raichle, na wenzake walieleza juu ya maeneo ya ubongo yanayoshughulika zaidi pale mtu anapokuwa hana shughuli maalumu. Ndiyo maeneo yanayotumika tunapojifikiria sisi wenyewe: nilisema nini jana, watu wataniona vipi, kesho itakuwaje.

Fikira hizo zina manufaa yake, lakini zikizidi huwa mzigo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa maswali kwa simu wakati wowote wa siku. Waliona kwamba kwa karibu asilimia 47 ya wakati, akili ya mtu haiko kwenye jambo analolifanya. Isitoshe, akili ilipokuwa inarandaranda, mtu hakuwa na furaha kama ilivyokuwa imetulia mahali pamoja. Kwa mgonjwa wa sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni, kurandaranda huku mara nyingi huwa ni kurudia mambo machungu yale yale, usiku na mchana.

Mtu anapozama, mambo hubadilika. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu hesabu za kichwa huku wakiupiga picha ubongo wao. Hesabu zilipokuwa nyepesi mno, au ngumu mno, picha zilikuwa za namna moja. Zilipolingana na uwezo wa mtu, sehemu ya katikati ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujifikiria nafsi, ilipunguza kazi. Vile vile sehemu iitwayo amigdala, inayohusika na hofu na hadhari, nayo ilitulia. Yaani yule mlinzi wa ndani anayeuliza kila mara "Je, nikikosea?" alikuwa ameketi.

Pamoja na hayo, wataalamu wanahusisha hali hii na kemikali mbili za ubongo. Dopamini huufanya ubongo uone kwamba jambo hili linafaa kuendelezwa, na noradrenalini huufanya uwe macho na kushikamana na kazi moja. Nakuomba msomaji usichukue maelezo haya kama hesabu iliyofungwa, kwani uchunguzi wa ubongo bado unaendelea na matokeo hayafanani kila mahali.

Jambo moja, hata hivyo, limezidi kuonekana wazi. Mwaka 2024 John Kounios na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, mjini Philadelphia, walichunguza mawimbi ya ubongo wa wapiga gitaa 32 wa muziki wa jazi. Waliokuwa na uzoefu mkubwa ndio waliozama mara nyingi zaidi na kwa kina zaidi, na ndio ambao sehemu ya mbele ya ubongo ilipunguza kazi wanapozama. Maana yake ni kwamba hali hii haidondoki kutoka mbinguni. Hutanguliwa na miaka ya mazoezi, mpaka mkono ukajua kazi na kichwa kikaweza kuuachia. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mzee wetu alianza kubandua magogo akiwa na miaka kumi na miwili.

Hebu sasa utazame kile nilichomnyang'anya nilipomwambia aweke vyombo chini. Nilidhani namwondolea uchovu. Kumbe nilimwondolea saa tano za kila siku ambazo akili yake ilikuwa imetulia, nikamwachia baraza na ukuta, na fikira zinazozunguka kama punda wa kinu.

Je, fikira njema huponya?

Tuje kwenye ile nasaha ya pili. Ni kweli kwamba mtazamo mzuri wa maisha huenda pamoja na afya njema. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitoa uchunguzi wa watawa 180 wa Kikatoliki ambao waliandika habari za maisha yao wakiwa wasichana. Walioandika kwa maneno ya furaha na shukrani walielekea kuishi miaka mingi zaidi. Kwa kuwa watawa hula chakula cha aina moja na kuishi maisha yanayofanana, uchunguzi huo ulivuta macho ya wengi. Mwaka 2019 uchunguzi mwingine wa Marekani, uliohusu maelfu ya wauguzi wanawake na wanaume waliowahi kuwa askari, ulionyesha kwamba wenye matumaini makubwa zaidi waliishi muda mrefu zaidi kwa wastani wa asilimia 11 hadi 15 kuliko wenye matumaini madogo zaidi.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Yamkini mwenye matumaini huvuta sigara kidogo, humeza dawa zake, na ana marafiki wa kumpeleka hospitali. Yamkini pia ana matumaini kwa sababu tayari ana afya. Tena, mwaka 2007 James Coyne na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo. Hali ya moyo ya mgonjwa, iwe ya furaha au ya huzuni, haikusaidia kujua nani ataishi muda mrefu na nani hataishi.

Nataka jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu nimeona madhara yake. Mgonjwa wa saratani asiambiwe, wala asijiambie, kwamba ugonjwa umezidi kwa vile hakufikiri vizuri. Huko ni kumtwika mgonjwa mzigo wa pili. Vile vile mwenye kisukari hawezi kuishusha sukari kwa tabasamu. Matumaini yanayofaa ni yale yanayomwinua mtu aende akachukue dawa. Yale yanayomfanya asiende kwa kudhani yatakwisha yenyewe si matumaini, ni kujidanganya. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Na mwenye sonona? Huyu ndiye anayeumizwa zaidi na neno "jipe moyo". Sonona ni ugonjwa. Dalili zake ni huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kwa wiki mbili au zaidi, usingizi kuharibika, chakula kutoingia, mwili kukosa nguvu, mtu kujiona hana thamani, na wakati mwingine kutamani kufa. Wenye kisukari hupatwa na ugonjwa huu zaidi kuliko wengine, nao huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Yule mzee alipoletwa kwangu mara ya pili, nilipaswa kumuuliza kinaganaga kuhusu dalili hizi, pamoja na ile ya mwisho ambayo wengi wetu tunaona haya kuiuliza. Badala yake nilimpa nasaha. Nilipokuja kumuuliza wiki moja baadaye, aliniambia kwamba siku nyingine aliona afadhali asiamke. Nashukuru kwamba sikuchelewa zaidi.

Yako matibabu. Ziko dawa, na yako mazungumzo ya kitaalamu. Miongoni mwa njia zilizothibitika ni kumrudisha mgonjwa katika shughuli zake hatua kwa hatua, bila kungoja kwanza ajisikie vizuri. Shughuli hutangulia, moyo hufuata. Wala njia hizi si za matajiri peke yao. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, nchini Uganda. Wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kwao waliopewa mafunzo mafupi. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwa na vikundi.

Kuzama nako kuna hatari

Tusisahau kwamba ni kuzama huko huko kulikomwangusha mzee wetu. Akili ikishikamana na jambo moja, habari za njaa, kiu na maumivu hazisikiki vizuri. Kwa mwenye afya hilo ni jambo dogo. Kwa anayetumia insulini ni jambo la kufa na kupona, kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya mikono nayo hula sukari, juu ya ile inayoshushwa na sindano. Pili, sukari ikishuka, kiungo kinachopungukiwa mapema ni ubongo wenyewe, ambao ndio ungepaswa kupiga kelele. Aidha, aliyeugua kisukari miaka mingi anaweza kuzipoteza zile dalili za hadhari, yaani kutetemeka, jasho, njaa na moyo kwenda mbio, akazimika ghafla.

Wasio na kisukari nao wana yao. Kukaa kwa saa nyingi huumiza mgongo na shingo. Katika joto la pwani, kusahau maji huchangia mawe ya figo. Macho yakikaziwa kitu kimoja hayapepesi vya kutosha, hukauka na kuwasha. Mafundi wa kofia na makarani wa kompyuta, ugonjwa wenu hapa ni mmoja.

Kuna hatari nyingine isiyo ya mwili. Kuzama hakuna dini wala adabu, hakuchagui jambo jema au baya. Natasha Schüll, mtaalamu wa Marekani aliyeandika mwaka 2012 juu ya wacheza kamari wa Las Vegas, alionyesha jinsi mashine zilivyotengenezwa makusudi ili mchezaji ajisahau, asijue saa wala pesa. Leo mashine hiyo iko katika mfuko wa kila kijana, ndani ya simu, na jina lake ni kamari ya mpira. Ukitaka kujua kama unazama katika jambo la heri, jiulize maswali mawili: Je, baada ya mwaka mmoja nitakuwa na ujuzi zaidi kwa ajili ya jambo hili? Na je, nikiinuka, nyumba yangu imepata au imepoteza? Mchongaji na mcheza kamari hawatatoa jibu moja.

Namna ya kuipata bila kuumia

Nimekusanya hapa mashauri machache ambayo ninawapa wagonjwa wangu, nawe unaweza kuyatumia.

Chagua kazi moja yenye mwisho unaoonekana. Usiseme "nitasafisha nyumba". Sema "nitapanga kabati hili". Mwanafunzi asiseme "nitasoma", bali "nitamaliza hesabu hizi kumi".

Ipandishe au ishushe kadiri ya uwezo wako. Ukiona unapiga miayo, ongeza ugumu kidogo. Ukiona tumbo linakukaza kwa wasiwasi, igawe kazi vipande vidogo.

Iweke simu chumba kingine. Akili huchukua muda kuzama, na mlio mmoja huitoa nje.

Weka mtu au kitu cha kukutoa. Adhana, kengele ya saa, au mtoto wa kukuletea maji vyote vinafaa. Usiitegemee kumbukumbu yako, kwani ndiyo itakayolala kwanza. Inuka kila baada ya nusu saa hivi, nyoosha mgongo, tazama mbali, kunywa maji.

Kama unatumia insulini, kula kwanza, kisha ndipo ushike kazi. Pima sukari kabla ya kushika chombo kikali, kupanda ngazi au kuendesha gari, na ikiwa chini ya 4 usianze kazi hiyo mpaka uitibu. Weka sukari au peremende karibu na mkono wako. Usipunguze wala kuacha sindano kwa shauri lako mwenyewe. Na kabla ya Ramadhani muone daktari mapema, usingoje mwezi uandame.

Ukimwona mtu mwenye kisukari anatetemeka, anatoka jasho au anasema maneno yasiyoeleweka, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, ikiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mpe tena. Akishatengemaa, ale chakula. Ikiwa amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Mzee wetu leo

Nilikwenda nyumbani kwa mzee, nikamwomba radhi. Kisha tulikaa barazani, yeye, mkewe, mwanagenzi na mimi, tukapanga. Sindano zake zilirekebishwa ziendane na saa zake za kazi. Hagusi patasi mpaka mkewe athibitishe kwamba amekula. Saa nne kamili mwanagenzi ana ruhusa, tena ana amri, ya kumnyang'anya bosi wake nyundo na kumpa chakula na kipimo. Adhana ya adhuhuri ndiyo mwisho wa zamu ya asubuhi, na jioni hufanya kazi nyepesi ya kumfundisha kijana. Kwa sonona yake alipata dawa kwa miezi kadhaa, na kila wiki alikuja tukazungumza.

Wiki ya kwanza alichonga saa moja tu, tena bila hamu. Wiki ya pili alilalamika kwamba kijana ameharibu ubao mzuri. Mkewe alipokuja kuniambia hivyo alikuwa akicheka, na mimi nilijua tumepata njia. Mtu anayegombania ubao amerudi duniani. Baada ya miezi mitatu kipimo chake cha sukari cha muda mrefu kilikuwa kimeshuka kutoka 10.4 hadi 7.8, na tangu wakati huo hajaanguka.

Siku ile mlango ulipokamilika aliniita niuone. Nilimuuliza kama anajisikia vizuri. Hakunisikia, alikuwa ameinama akipitisha kidole gumba katika ua moja la pembeni, akitafuta kasoro. Mwanagenzi alinitazama, akatazama saa, akamgusa bega.

"Fundi," alisema, "saa nne."